Marahaba ya Mferejini

Sogeeni. Wewe wa pale mlangoni nawe uje, maana hadithi hii haipendi kusikilizwa kwa mbali. Simu zizimwe. Mtoto akilia, apewe ziwa. Na mtu akibisha hodi nikiwa katikati ya maneno, msimwitikie mpaka mmemwona uso.

Mmenyamaza? Haya.

Vumilia alikuwa mtu wa Tarime, ila miaka mingi alikaa Marekani, mahali paitwapo Oxon Hill, ng'ambo ya mto ukitazama upande wa Alexandria, akitandika vitanda vya hoteli. Watoto wake wawili. Mkubwa Queen, anasomea unesi. Mdogo Mwita, kazaliwa hukohuko, kijana mrefu kama mlingoti, anacheka kabla hajasema. Kiswahili alikisikia chote, umbea pia, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza. Na hapo ndipo mama yake alipokuwa na kidonda. Mwita hakuwahi kumwamkia. Asubuhi anapita sebuleni, "Hi, Mom," mkono uko kwenye friji. Vumilia humwambia, mwanangu, sema shikamoo, haichubui ulimi. Kijana hucheka, humbusu utosini, huyo anakwenda zake. Tangu alipojua kusema, shikamoo haikumtoka hata siku moja.

Basi kijana huyu alikuwa na ugonjwa wa baiskeli. Zile zenye matairi mapana, za kwenda kwenye kokoto. Mama yake aliogopa magari kama watu wanavyoogopa nyoka, barabara kuu alimkataza katakata. Kwa hiyo siku Mwita aliporudi na habari kwamba iko njia haiingii gari hata moja, unaianza huko juu kwenye mashamba ya mizabibu, unafuata mfereji wa zamani ambako nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, walikuwa wakivuta mashua za makaa, unateremka hadi kwenye mabwawa ya matete ambako maji ya mto yanapanda na kushuka na bahari, mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Akamnunulia na taa. Akamwambia, pita huko, baba, huko hakuna cha kukuua.

Huko hakuna cha kukuua.

Walimkuta majani yakipukutika, ndani ya mfereji, penye lango moja la mawe lililokuwa likifungia mashua zamani. Maji yenyewe ya kifuani. Baiskeli imeegemezwa ukutani, imetulia. Kofia ngumu imetundikwa kwenye usukani. Kama mtu aliyesimama kidogo kuzungumza na mwenzake.

Polisi walisema aliteleza. Haya, aliteleza.

Wakazika. Lakini Vumilia kila akifumba macho anamwona. Amesimama, maji yanamchuruzika, anatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo sicho. Ndipo akampigia shangazi yake, Genoveva, kule Tarime. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaguna. Mmezika mwili, akasema, mwenyewe mmemwacha kwenye maji. Kwetu aliyefia njiani hufuatwa.

Akamweleza jinsi ya kumfuata. Uende jua likizama. Ukate tawi la mti ulio karibu na alipofia, umwite jina lake, kisha umlete kwa chombo kilekile kilichompeleka. Kila daraja umwambie, hili daraja. Kila kona umwambie, hii kona. Roho haijui njia, huongozwa kama kipofu.

"Usimwombe kitu," Shangazi akasema. "Usimwulize kitu. Na huko njiani usimwitikie mtu, wala usigeuke. Watakuita nyuma kwa sauti unazozipenda."

Jumapili moja jirani yake, Mwatime, mama mmoja wa Tanga, akampeleka na gari. Baiskeli wakaifunga nyuma. Mwatime hakuyapenda mambo yale, alikwenda midomo yake ikisoma dua njia nzima, lakini mwenzio akifiwa humwachi peke yake. Akamshusha karibu na lango la mawe. Wakapatana akamngojee Georgetown, mfereji unakoishia.

Vumilia akabaki peke yake.

Njia tupu. Kokoto za kijivu. Mfereji kushoto, kijani kizito, hautikisiki. Akakata tawi la mti ulioinamia maji, akalifunga kwenye usukani kwa kanga. Akaita.

"Mwita. Mwita mwanangu. Mama nimekuja. Twende nyumbani."

Hakuna kitu.

Akaita tena. Jani likaanguka majini, likazunguka, likatulia. Akangoja mpaka vidole vikafa ganzi. Na hapo, wanangu, moyo ukamshinda. Alikuja na maneno aliyopewa, yakamwishia. Akaanza kusema yake.

"Mwanangu, hujawahi kuniamkia. Niamkie basi leo tu. Nijue ni wewe."

Aliomba. Aliambiwa asiombe, akaomba.

Akapanda baiskeli, akaanza kukanyaga. Aliijua baiskeli tangu usichana, lakini ile ilikuwa ndefu kwake, akawa anayumba. Kokoto zinalia chini ya tairi, krrr... krrr... Akafika kwenye kidaraja. Akasema, Mwita, hili daraja. Akapinda. Mwita, hii kona. Mwanga ukawa unanywea kwenye miti.

Ndipo harufu ikaja. Tope. Kamba mbichi. Na jasho la mnyama, la punda au nyumbu, mahali ambapo hapana mnyama.

Kisha, karibu kabisa na sikio...

"Shikamoo, mama."

Laini. Safi. Kama ya mtoto aliyelelewa akaleleka.

Nanyi mnajua malezi yetu. Salamu ya mtoto haiachwi hewani. Ukiiacha ni kama umemtemea mate. Mdomo wa Vumilia haukungoja akili yake. Ulikuwa umeingoja salamu ile miaka yote.

"Marahaba, baba. Marahaba, mwanangu."

Baiskeli ikazama nyuma.

Baiskeli ile haina keria. Haina pa kumbeba mtu. Lakini ilizama, tairi likaguna kwenye kokoto, na mgongoni Vumilia akahisi baridi imemwegemea. Machozi yakamtoka, ya furaha. Akakanyaga kwa nguvu, huku akisema, hii kona, mwanangu, hili daraja, tunafika.

Na nyuma, mbali, kule alikotoka, mtu akaita.

"Mom?"

Vumilia hakugeuka.

"Mom... wait up. Mom!"

Viatu vilivyojaa maji vikawa vinakimbia juu ya kokoto. Chwa, chwa, chwa. Vinakimbia, vinajikwaa, vinakimbia tena. Vumilia akauma meno. Alikwishaambiwa, watakuita kwa sauti unazozipenda. Akakanyaga. Sauti ikalia kama alivyokuwa akilia Mwita mdogo, siku ya kwanza alipoachwa shuleni. Mama akakanyaga. Alikanyaga mpaka viatu vile vikabaki nyuma, mpaka kukawa kimya.

Mwatime akampokea Georgetown, wakaifunga baiskeli nyuma ya gari. Kiti cha mbele, Vumilia akasema, ni cha Mwita. Yeye akakaa nyuma na tawi mapajani. Mwatime akawasha gari. Halijafika mbali likaanza kulia, ti, ti, ti, ti, na taa nyekundu ikawaka, ile inayowaka abiria asipofunga mkanda.

Mwatime akakitazama kiti cha pembeni yake. Kitupu. Kimebonyea.

"Mama Queen," akanong'ona, "gari linasema kuna mtu."

"Yupo."

Vumilia akanyoosha mkono kutoka nyuma, akauvuta mkanda, akamfunga mwanawe taratibu, kama alivyokuwa akimfunga angali wa kiti cha watoto. Kelele ikakoma. Kitambaa cha kiti kikaanza kulowa. Wakavuka daraja kubwa la mto, Vumilia akiongoza. Mwita, hili daraja. Mwita, hapa kwetu.

Tawi likalazwa kitandani kwa Mwita. Usiku ule Vumilia alilala bila kuota. Asubuhi Queen anachemsha chai, mama yuko mezani, sauti ikatoka chumbani kwa Mwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Vumilia akaitika, akitabasamu.

Kikombe kikamponyoka Queen. Akasimama pale, chai inamtiririkia miguuni, wala hasikii moto wake.

"Mama," akasema polepole. "Mwita never said that. Not once."

Vumilia akamtazama binti yake. Tabasamu likakaa usoni kidogo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha akaelewa. Ile ya nyuma. Ile yenye viatu vya maji. Ile iliyomwita Mom.

 Alikaa tu, akishika meza kwa mikono miwili.

Shangazi Genoveva akasimuliwa kwa simu. Maji yale ni ya zamani, akasema. Labda ni kitoto kilichokuwa kikiwaongoza nyumbu, kikazama, kisifuatwe na mtu. Labda hata si mtoto. Kilikusikia unaomba salamu, kikakupa. Sasa umekiitikia, ni cha nyumba yako. Mlango wa kumleta Mwita umekaliwa. Kiache bila kuitikiwa, kitachoka, kitaondoka.

Vumilia akajaribu. Kilianza alfajiri. Shikamoo, mama. Akanyamaza. Adhuhuri kikaita. Shikamoo, mama. Akaziba masikio kwa mto. Jioni sauti ilikuwa imekwisha nguvu, imekuwa nyembamba kama ya mtoto anayelia njaa, inakatika katikati ya neno. Shika... shika...

Akaitikia.

Mmemlaumu? Mlaumuni. Yeye alisema mtoto wa mtu analia.

Kisha Queen akasikia maneno ya waendesha baiskeli. Kwamba jua likizama, penye lango la mawe, kuna kijana amelowa chepechepe, anasimamisha wapita njia, kwa adabu, anawauliza kama wamemwona mama yake. Ukimwuliza yuko wapi, ananyoosha mkono kufuata njia. Anasema, ameniacha sasa hivi tu.

Tangu siku ile Vumilia akawa kila Jumapili yuko kule. Anakaa juu ya lile jiwe la lango. Giza likianza kuingia, anamsikia. Hatua mbili kutoka alipo.

"Mom?"

"Niko hapa, baba."

"Mom? You there?"

"Niko hapa. Niko hapa, Mwita."

Hakumsikia. Hata mara moja kijana hakumsikia mama yake. Itiko la mama lilikwisha kupewa mwingine.

Baridi ya mwaka uliofuata ikamwingia Vumilia kifuani, akalazwa, asirudi nyumbani. Siku ya mwisho alimshika Queen mkono, akamwomba asimwache na njaa yule wa chumbani.

Basi waliorithi ni hawa. Mwatime alirithi ile kanga iliyofungia tawi, na mpaka leo imo kwenye mfuko, hajaifua, hajaivaa. Kiti cha mbele cha gari lake hapakii mtu. Shangazi Genoveva alitumiwa nywele za marehemu zikazikwe Tarime, na wakati wa kuzizika alisema maneno ya njia kwa sauti, kona kwa kona, asije akakosea tena mtu. Queen alirithi nyumba na ile baiskeli. Tena asubuhi iliyofuata mazishi, amesimama jikoni peke yake, akarithi na la tatu.

"Shikamoo, dada."

Alichojibu hakumwambia mtu, na mimi sikumwuliza.

Na Mwita amerithi njia. Yote, kuanzia kwenye mizabibu mpaka kwenye matete, ile isiyo na magari, ile isiyo na cha kumwua mtu.