Redio ya Bendi Tatu

Ramadhani ilikuwa ukingoni. Mtaani Mtendeni, mjini Tabora, kila nyumba ilikuwa na pilikapilika za Idi. Sikuzani alikuwa uani, anapepeta mchele. Mikono yake ilikuwa kwenye ungo, lakini mawazo yake yalikuwa Kigwa.

Kigwa ndiko alikoishi mama yake, Bi Mwanamkuu, katika kijiji cha ujamaa. Masika yaliyopita, ugonjwa wa kuhara ulipita kijijini ukachukua watoto. Bi Mwanamkuu alisaidia kuosha maiti zao, ndogo kama mikate. Tangu siku hiyo hakuweza kukaa kimya.

Kisha habari ikaja. Baada ya Idi, redio ya taifa ingeanza kutoa masomo ya afya kila Jumanne, saa kumi alasiri. Kila kijiji kiliambiwa kiunde vikundi vya kusikiliza. Wanawake wa Kigwa wakachagua kukusanyika barazani kwa Bi Mwanamkuu. Baraza lilikuwapo, mikeka ilikuwapo. Redio ndiyo haikuwapo.

"Mwaka huu sitaki kanga," Bi Mwanamkuu alimwambia binti yake. "Niletee redio. Nataka kujua kitu gani kinatuulia watoto."

Sikuzani na mumewe, Mfaume, walikuwa wameweka akiba mwaka mzima. Akiba hiyo ilitosha redio moja. Wakikosea, hakuna ya pili.

Mfaume alikuwa seremala hodari, na mtu wa maneno mengi. Jioni ile alirudi kutoka duka la Masele akitembea kama bwana harusi. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshalia, na Sikuzani alikuwa anagawa uji wa futari. Jirani yao, Apolinaria, alikuwa ameshakaribishwa mkekani.

"Mama Mwanahawa, nimeipata!" Mfaume alimwambia mkewe. "Redio ya sanduku la mbao. Vanishi yake, unajiona meno! Nimeigonga, mbao nzito, haina tundu la mdudu."

"Inasikika?" aliuliza Sikuzani.

"Jana baada ya futari Masele aliiwasha, mtaa mzima ulisimama! Na ni ya heshima. Masele ana nyingine, ndogo, ya kijivu, sura kama kopo la mafuta. Eti ina bendi tatu. Nikamwambia, ndugu yangu, mama mkwe anafundisha wanawake Kurani. Nimpelekee bendi tatu za dansi nyumbani? Hii yangu ina bendi moja tu. Bendi moja atavumilia."

Apolinaria alipaliwa na uji. Alikohoa, akacheka, akakohoa tena mpaka Sikuzani akampiga mgongoni.

"Shoga, utakufa kwa futari yetu!"

"Nisamehe, jirani," alisema Apolinaria akijifuta machozi. "Baba Mwanahawa, hizo bendi si za dansi. Hakuna mpiga gitaa humo ndani!"

Apolinaria alikuwa mfanyakazi wa simu, Posta. Alisomea mambo ya mawimbi ya redio chuoni, na alijua kuyaeleza kwa maneno ambayo hata mtoto angeyashika. Sikuzani alimpenda kwa hilo. Wapo wasomi wanaokuacha na njaa baada ya kuongea. Apolinaria alikuacha umeshiba.

"Wauzaji wameazima neno la Kiingereza, nalo limekupoteza," alisema. "Kiswahili kina neno lake safi: masafa. Bendi tatu ni masafa ya aina tatu, yaani njia tatu za kupokea sauti."

"Njia tatu za nini? Mimi natosheka na moja," alisema Mfaume.

"Inategemea ni njia ipi. Kituo kiko Dar es Salaam. Babu zako walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, sivyo?"

"Ndivyo! Na mabega yao yalikuwa hivi!" Mfaume akatanua mabega.

"Basi fikiri sauti ni mzigo. Masafa ya kati ni mpagazi mmoja. Mchana anachoka mapema, hafiki mbali. Usiku anapata nguvu, anafika. Masafa mafupi ni mpagazi wa aina nyingine. Huyo haendi kwa miguu. Anarushwa juu angani, anagonga huko, anarudi chini mbali sana. Huyo ndiye anayefika kwetu hata mchana."

Sikuzani aliweka bakuli chini. "Hiyo ya mbao ina masafa gani?"

"Kama ina bendi moja, kwa kawaida ni masafa ya kati."

"Na Masele aliiwasha usiku."

"Usiku kila redio ni bingwa," alisema Apolinaria. "Mama yako atasikiliza saa ngapi?"

"Saa kumi alasiri," alijibu Sikuzani polepole. Aliliona baraza la mama yake, wanawake wamejaa mikekani, na sanduku zuri la mbao linaunguruma tu, halisemi neno.

"Basi ijaribuni saa kumi alasiri. Mtu hajaribu viatu vya shamba kitandani. Tena ulizeni inakula mawe gani."

Mawe ndilo jina la betri mtaani, na Sikuzani alilijua vizuri. Dukani Kigwa yaliuzwa mawe ya tochi tu.

"Krismasi iliyopita nilimpelekea baba yangu redio huko Ziba," Apolinaria aliongeza. "Nilichagua inayotumia mawe ya tochi. Mpaka leo inasema, maana mawe yakiisha anayapata pale pale kijijini."

Mfaume alinung'unika. "Lakini ile mbao..."

"Mama hakuagiza kabati," alisema Sikuzani.

Kesho yake, alasiri, walikwenda kwa Masele. Masele alikuwa mtu mnene mchangamfu, mwenye kusifu kila kitu dukani mwake, hata kamba.

"Karibuni, karibuni! Shemeji amekuja kuchukua mtoto wake wa mbao!"

"Iwashe kwanza," alisema Sikuzani.

"Dada, si mumeo ameisikia?"

"Ameisikia usiku. Mama atasikiliza mchana."

Masele akaiwasha. Redio ya mbao ikaunguruma kama mahindi yanayokaangwa. Mbali sana, chini ya ule mngurumo, mtu alikuwa anasema kitu. Huenda alikuwa anasoma habari, huenda alikuwa anazama majini. Masele akazungusha kifundo cha kutafutia kituo huku na huku. Jasho likamtoka.

"Ni jua," alisema.

"Kigwa nako kuna jua," alijibu Sikuzani. "Inatumia mawe gani?"

"Jiwe lake kubwa, la pembe nne. Linapatikana hapa hapa kwangu!"

"Kwako tu?"

Masele akaizima redio ya mbao.

Sikuzani akanyoosha kidole kwenye redio ya kijivu. Masele akaiwasha, akaweka masafa mafupi, akainua antena. Sauti ya mtangazaji ikatoka kavu na safi, kama yumo nyuma ya kaunta. Wateja wakageuka. Nyuma ya redio ile kulikuwa na nafasi ya mawe manne ya tochi.

"Nipe hiyo," alisema Sikuzani.

Masele akashusha boksi jipya kutoka rafuni. Sikuzani akaanza kulifungua.

"Dada! Hilo halifunguliwi! Ya kujaribia ndiyo hii!"

"Mama yangu hatapelekewa ya kujaribia. Atapelekewa iliyomo humu."

"Mama Mwanahawa," Mfaume alinong'ona, macho chini, "zawadi ya mkwe hufungwa. Tukimpelekea boksi lililochanwa atasema tumempa makombo. Watu wanatutazama."

"Watazame. Wajifunze." Akaweka mawe, akawasha. Redio ikakwaruza, ikanyamaza. Akaizungusha, akaitikisa taratibu. Kimya. Kifundo chake cha masafa kilikuwa kimelegea.

Masele mwenyewe aliduwaa. Alishusha boksi lingine bila kubishana, akalifungua kwa mkono wake. Hiyo ikasema vizuri. Mfaume aliliangalia lile boksi la kwanza, akamwangalia mkewe. Kisha akalipa.

Idi Pili walipanda treni kwenda Kigwa. Mfaume alimsalimu mkwewe kwa heshima zote, kisha akaanza kueleza habari za boksi lililochanika.

Bi Mwanamkuu akamkatiza. "Mwanangu, boksi nitalisikiliza?"

Jumanne ya kwanza, saa kumi, wanawake walijaa barazani. Sauti ikaja safi kutoka Dar es Salaam. Bi Mwanamkuu alikuwa amesogeza sikio karibu, mkono kifuani. Somo lilihusu maji yasiyochemshwa, kwamba ndiyo yanayoleta ugonjwa wa kuhara. Lilipokwisha alisimama, akaenda kwenye mtungi wake, akachota maji, akayabandika jikoni yachemke. Wanawake walimfuata kwa macho. Jioni ile moshi wa kuchemsha maji ulipanda katika majiko mengi ya Kigwa.

Masomo yakaendelea. Mawe yalipoisha walinunua mengine pale pale kijijini. Wakachimba vyoo mbali na kisima, wakafunika mitungi, wakanawa mikono kabla ya kulisha watoto. Masika yakaja, yakaondoka. Katika nyumba za kikundi kile, Bi Mwanamkuu hakuitwa kuosha maiti ya mtoto hata mmoja.

Siku moja Sikuzani alipita dukani kwa Masele kununua uzi. Masele alikunja uso.

"Dada, umeniharibia wateja! Wanawake wa Kigwa wanashuka kwenye treni, wananijia na jua kali. Wanauliza masafa. Wanauliza mawe. Wanafungua maboksi. Jana mmoja aliketi hapo mpaka kipindi kikaisha!"

"Akanunua?"

"Alinunua."

"Ameirudisha?"

"Hajairudisha. Lakini zamani watu waliniamini kwa neno langu. Wewe ndiye uliyewafundisha ujeuri huu. Niombe radhi, yaishe."

Sikuzani alichukua uzi wake, akauvuta kidogo kuona kama una nguvu. Ulikuwa imara.

"Siombi," alisema, akaondoka.