Ukuta Usiokubali Kulowa

Tone lilikataa kutandaa. Ndani ya kompyuta, mwanamke ambaye ndugu zake walimwita Dokta kwa utani, maana huu ulikuwa mwaka wa sita na shahada ya uzamivu haijaisha, alikuwa ameunda ukuta wa chembe ndogondogo na kuumwagia kimiminika, apime jinsi kinavyoulowesha. Kila mara palibaki doa kavu. Alibadili vipimo, akaandika programu upya, wapi. Msimamizi wake alimwambia kosa ni lake, alitafute.

Wiki ya tatu ndipo alipoona kuwa doa lina kisigino na vidole vitano. Mchana uleule sebule ikaanza kunuka udongo mbichi, na nyuma ya kabati pakasikika mtu akipangusa miguu, taratibu, kama anayengoja kukaribishwa. Mumewe alidhani bomba limepasuka. Akabomoa nusu ya sakafu, akakuta pakavu. Dokta alilia, kwa hasira kuliko hofu, akaendesha hesabu tena, na safari hii doa likapiga hatua, kisha ya pili, likiupanda ule ukuta wa chembe mpaka ukingo wa kioo cha kompyuta, na hapo kwenye ukuta wa kweli, juu ya meza, chokaa ikaanza kulowa yenyewe, kote, isipokuwa unyayo mmoja mkavu uliotazama chini, ukimwelekea yeye.

Mume akamleta shangazi yake, mganga wa majini na mashetani. Shangazi aliketi mbele ya kioo, akanong'ona, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anasema umejenga ukuta kwenye njia yake," alisema kwa sauti ya chini. "Kutwa unammwagia maji. Kachoka kama ulivyochoka wewe. Ubomoe, mwanangu."

"Shangazi, hiyo ni kazi ya miaka sita."

"Nimemwambia. Anasema yeye amepita hapo miaka mia nne."

Dokta akafuta kila kitu, faili moja baada ya jingine, meno yameumana. Chokaa ikakauka. Harufu ikaisha.

Siku ya tatu msimamizi alipiga simu, na kwa mara ya kwanza akamwomba radhi. Alikuwa ameipitia kazi yote; kosa halikuwapo. Dokta akamjibu kwa uchungu kwamba ameshaifuta.

"Usijali. Nina nakala, naiendesha hapa nyumbani tangu asubuhi." Sauti yake ikasogea mbali na simu. "Subiri. Mke wangu anasema tuna mgeni."

Dokta akamsihi azime kompyuta. Akasikia simu ikiwekwa mezani, na mbali kidogo, sauti ya mwanamke ikimkaribisha mtu ndani.