Nani Kashika Kamba?

Msinicheke. Mimi ni mpimaji wa barabara, mtu wa namba, sina mazoea ya kusimulia mashetani.

Jua lilikuwa linazama. Ilibaki kazi ya dakika tano tu: kupima kutoka kwenye kalvati mpaka kwenye kona, halafu twende zetu. Barabara kuu ile inayovuka nchi tatu ilianza kama njia ya wapagazi. Wafungwa wakaipanua kwa sururu, ikamwagwa changarawe. Baadaye ikaja lami, na sasa sisi tulikuwa tunaifanya njia nne. Wote walioijenga waliipima kona ile, na kila kipimo kilitofautiana. Nikasema wazee walikuwa wazembe. Mdomo huu!

Aliyekuwa akinishikia ncha ya kamba ni mdogo wangu, tuliyemwita Kiguu kwa sababu hatulii. Mama alinikabidhi kwa maneno machache: "Umemchukua mzima, nirudishie mzima." Nilimwona akishuka na ncha, akapotelea kwenye kona.

Kazini kwetu, mwenye kamba huita, "Shika!" Mwenzake hujibu, "Nimeshika!" Na haachi mpaka yule aliyemwita amwambie, "Achia!" Ukiachia kabla, kipimo kimeharibika, na utatukanwa wewe na ukoo wako.

Nikaita, "Shika!"

"Nimeshika!"

Kamba ikakaza. Nikasoma, nikaandika.

"Dada, unaongea na nani?"

Kiguu alikuwa nyuma yangu, kofia mkononi. "Ncha nimeibana kwa jiwe," akasema. "Nimekatiza bondeni kufuata kofia."

Kamba ilikuwa bado imekaza...

Ikanijia harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi linalochimbwa. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne.

Nyapara wetu, mzee aliyeanza kazi enzi za lami ya kwanza, akaninong'oneza, "Tupa kamba. Usiseme naye."

"Nani?"

"Mfungwa. Kifusi kilimfukia pale, kamba mkononi. Msimamizi wake alikimbia bila kumwambia aachie."

Moyo uliniuma, nawaambieni kweli. Mtu kashika miaka yote hiyo! Huruma ikaitangulia akili.

"Achia!"

Kamba ikalegea, ikanidondoka. Kisha pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo.

Halafu sauti ile ile, kutoka kwenye kona:

"Shika!"

Kiguu ni mchapakazi, masikio yake yamezoea amri hiyo. Kabla sijamziba mdomo alikuwa ameshainama, ameokota kamba.

"Nimeshika!"

Tulimburuta watu wanne hadi kwenye gari. Kamba tukaikata kwa panga, kipande kikabaki ndani ya ngumi yake. Hospitali walijaribu kuifungua ngumi ile, wakashindwa. Sasa Kiguu anakaa kwenye kiti kutwa nzima, mkono kaunyoosha mbele. Mama hanisemeshi.

Barabara imekwisha, magari yanapita pale vuu, vuu. Nimekwenda mara ngapi kusimama kwenye kona ile, nikiita na kuomba mpaka koo likakauka? Hajibu mtu. Nyapara anasema aliyekuwa pale ameshaenda zake.

Kila jioni nampigia magoti mdogo wangu.

"Kiguu, achia. Achia, mdogo wangu, nakuomba."

Hunitazama kwa upole kabisa.

"Siwezi, dada. Aliyeniambia nishike si wewe."