Kuta za Mahameli Nyeusi

Duka la vipuri lilikuwa limefurika watu, na mikono miwili ikadaka mota ndogo ile ile iliyobaki kaunta. Mmoja ulikuwa wa msichana fundi cherehani, gauni la bluu limemkaa utadhani alizaliwa nalo. Wa pili ulikuwa wa kijana fundi simu, shati lake lina kifungo kinachoning'inia.

"Niachie, kaka. Feni yangu imekufa, nashona huku nachemka."

"Mimi naunda roboti, dada, kigari kidogo. Nataka ipite kwenye mzingile na kutoka yenyewe."

Msichana akacheka. "Anza na hicho kifungo, Injinia."

Akamwachia mota, kwa sharti kwamba yeye msichana aje kuiona roboti ikitembea.

Kuanzia hapo simu zikawa haziishi.

"Kimetembea, kipenzi?"

"Kimegonga kabati, mpenzi."

Mzingile wenyewe ulikuwa vichochoro vya maboksi sebuleni kwa mama wa kijana. Kigari kilikuwa na kijicho mbele: kinarusha mwanga, ukirudi kinajua kuna ukuta, kinageuka. Msichana alikipenda, na fundi wake akampenda zaidi.

Siku ya kutambulishwa kwa mama, msichana aliwahi. Hakutaka atambulishwe kwa mama mkwe katikati ya maboksi ya sabuni, akazivika kuta zote za mzingile mahameli nyeusi, kazi safi, mshono hauonekani. Kigari kikawashwa. Kikajibamiza ukutani, kikajibamiza tena, kikapinduka. Weusi ule ulimeza mwanga wote, kijicho kikawa kipofu.

"Nani kakwambia uguse?" kijana akafoka. "Wewe baki na cherehani yako!"

Tena mbele ya mama. Msichana akachukua mkoba, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

"Haya, kioe hicho kigari," mama akasema, akarudi jikoni.

Simu za kijana hazikupokelewa, na alistahili. Katika kujigamba kwake kote hakuwahi kumwambia mwenzake kwamba kijicho hakioni cheusi. Mwishowe msichana akapokea.

"Sema haraka, nina wateja."

"Nimekosa, mpenzi. Njoo uone kitu kimoja tu."

"Nije nione nilichoharibu?"

"Njoo, nakuomba."

Alikuja kanuna. Mahameli ilikuwa pale pale, haijaguswa. Kigari ndicho kilichoota masharubu mawili ya waya. Kilipapasa ukuta, kikarudi nyuma, kikageuka, kikapapasa tena, na taratibu kikatokea miguuni pake.

"Si ungeibandua tu? Kazi ya dakika moja."

"Ningeibandua, ningekuwa bado nasema kosa ni lako. Wa kubadilika ni mimi na hiki kigari changu." Akakizima kigari. "Nataka nikuoe."

Moyo wa msichana ulilainika, lakini uso hakuulegeza. "Ulinifokea mbele ya mama yako. Na hayo kayaseme mbele yake."

Kijana akausogelea mlango wa jikoni.

"Mama," akaita, "njoo ukae. Kuna mtu nataka kumwomba radhi ukinisikia, halafu nina ombi."