Maneno Aliyoyapunguza Shekinah

Kila siku baada ya shule Shekinah alikwenda moja kwa moja mtaa wa Fordsburg, jijini Johannesburg, kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake, akaweka mkoba chini na kuanza kazi yake ya pili: kuwa mdomo wa mama. Mama Victorine alishona kuliko mafundi wengi wa mtaa ule, lakini alikuwa ametoka mji wa kwao, Uvira, akiwa mtu mzima, na Kiingereza kilikataa kumkaa kichwani. Wateja walisema Kiingereza au Kizulu, mama akajibu kwa Kiswahili, na msichana wa miaka kumi na miwili alisimama katikati yao.

Kazi hiyo ilimfundisha tabia moja. Mteja akilalamika kwamba gauni limeharibiwa na fundi asiyejua kushona, Shekinah alimwambia mama, "Anaomba ulipunguze kidogo kiunoni." Mama akijibu kwamba mteja huyo hana adabu, Shekinah alimwambia mteja kuwa mama anaomba radhi. Wote wawili waliachana kwa amani. Mama alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, na binti aliamini kwamba anamlinda. Hakuna aliyewahi kumkemea, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Mwaka huo mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya vyuo yalifanyika Johannesburg, na Parfait, kaka yake Shekinah, alikuwa nyota wa timu ya chuo chake. Nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine. Watu wa klabu moja kubwa walikuwa waje kutazama fainali siku ya Jumapili, na kocha alikwisha kumnong'oneza Parfait kwamba wanakuja kwa ajili yake.

Ijumaa, katika nusu fainali, Parfait aliruka kuwania mpira chini ya kikapu, akagongana na mchezaji mmoja mrefu na kuanguka chali. Kisogo chake kilipiga sakafu. Timu yake ilishinda, lakini yeye alimalizia mchezo akiwa kwenye benchi, akiuliza kila mara nani anaongoza.

Daktari wa mashindano, Dokta Mokoena, alipanda jukwaani kumtafuta mama wa mchezaji. Alieleza kwa Kiingereza kwamba ubongo wa Parfait umetikisika. Asiachwe peke yake. Akitapika, au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali mara moja, na asiguse mpira mpaka apimwe upya, maana pigo la pili linaweza kumuua.

Mama Victorine alikuwa ameshika kifua. Shekinah alimtazama, akafanya kama alivyozoea.

"Anasema apumzike, Mama. Atapimwa tena Jumapili kabla ya mechi."

Jumamosi alfajiri Parfait alitapika. Mama alilaumu samaki wa kukaanga wa jana, akampikia uji wa mchele. Alipotoka kuchota maji, Parfait alimvuta mdogo wake karibu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Eish, Shekinah, kichwa kinaniua. Lakini kesho ndiyo siku yangu. Mama asijue, daktari asijue. Mechi ikiisha nitakwenda hospitali mwenyewe."

"Daktari alisema ukitapika ni hatari, yaya," alisema, akimwita kaka kama walivyozoea nyumbani.

"Madaktari hutisha watu. Nakuomba."

Kaka yake alikuwa hajawahi kumwomba kitu. Shekinah aliogopa, lakini pia alijiona mkubwa, na hilo la pili ndilo lililomponza.

Jumapili asubuhi Parfait alitapika tena. Walipofika ukumbini, Dokta Mokoena alimpima macho na kumsimamisha kwa mguu mmoja, na Parfait akajikaza kiume. Daktari hakuridhika. Akamgeukia mama, akicheka kidogo, akasema kwamba wachezaji wote humdanganya, ila mama zao hawajawahi kumdanganya. Akauliza kama kijana alitapika au kulalamika kichwa.

Shekinah alitafsiri swali, na kwa mara hii alilitafsiri sawasawa.

"Ametapika jana na leo," mama alijibu. "Ni yule samaki. Na usiku alikuwa anashika kichwa. Mwambie daktari, yeye ndiye anayejua."

Nyuma ya daktari, Parfait alitikisa kichwa taratibu.

"Mama anasema alilala vizuri," Shekinah alisema kwa Kiingereza. "Hana tatizo lolote."

Dokta Mokoena alimpigia mama saluti ya shukrani, akamruhusu Parfait kucheza. Mama naye akatabasamu, akijua amesema ukweli.

Parfait alicheza vizuri sana, tusimnyime haki yake. Ukumbi mzima ulikuwa ukiita jina lake. Katika robo ya tatu mpinzani alimgusa kwa bega, pigo ambalo siku nyingine lisingemwangusha mtoto. Parfait alipiga hatua chache kama mlevi, akaanguka, na mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka wenyewe. Kelele zilikatika.

Shekinah aliruka viti na kufika uwanjani. Dokta Mokoena alikuwa amepiga magoti.

"Alitapika," Shekinah alisema. "Jana na leo. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Mama alikwambia, mimi sikukwambia."

Daktari alimtazama mara moja tu. Hakumkaripia. Alichukua simu akayarudia maneno yale kwa watu wa hospitali, akawaambia waandae chumba cha upasuaji, damu inavujia ndani ya fuvu. Shekinah alitamani angepigwa kofi.

Ndani ya gari la wagonjwa alimweleza mama yake yote. Parfait alipasuliwa jioni ile, na siku zilizofuata mama alimleta jirani yao Brigitte hospitali kuwa mkalimani. Shekinah aliachwa akae kando ya ukuta. Madaktari walisema, mama akasikia kwa sauti ya mtu mwingine. Hapana adhabu iliyomuuma Shekinah kuliko hiyo.

Parfait alipopata fahamu na kuanza kusema maneno machache, daktari mpasuaji alikuja kuzungumza na familia. Brigitte akafungua mdomo. Mama akamzuia kwa mkono.

"Shekinah, njoo hapa. Leo utasema wewe."

Daktari alizungumza. Kaka yake alikuwa macho, anamtazama.

"Anasema Parfait ataishi, Mama. Anasema zile habari nilizosema uwanjani ziliwasaidia kuwahi." Akaishia hapo.

"Ndiyo yote?"

"Hapana." Akamgeukia mama yake. "Mkono wa kulia huenda usirudi kama zamani. Atajifunza upya kutembea. Na mpira wa kikapu hatacheza tena, hata siku moja."

Parfait aligeuza uso ukutani, mabega yakatikisika. Mama Victorine alilia, na alipomaliza alimshika binti yake mkono.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kaka yako alificha, nawe ukamfunika. Hata mimi nina kosa, nilipenda kuletewa maneno laini, nisiulize yametoka wapi. Ulidhani unalinda moyo wangu. Moyo wangu ungebeba habari ile ya Ijumaa, Shekinah. Ningemfungia mwanangu ndani, angenuna wiki nzima, na leo angekuwa na mikono miwili mizima. Mtu akikuamini awe anasikia kupitia kwako, usimchagulie la kusikia. Mletee lote, hata kama ni chungu."

"Ndiyo, Mama," Shekinah alisema.

Kisha mama akamwambia amuulize daktari mazoezi ya mkono yataanza lini, na Shekinah akauliza. Daktari alijibu kwamba yataanza kesho, kwamba yatauma, na kwamba yatachukua miaka. Shekinah aliyatafsiri yote matatu.