Mume Aliyetaga Mayai

Kila asubuhi kabla ya shule, Kokuhirwa aliwapeleka mbuzi wa bibi yake kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo juu ya migomba ya Bugomora. Mbuzi wakila, yeye alitazama vipepeo. Mwalimu Anastazi alikuwa amewaagiza wanafunzi wa darasa la tano kila mmoja achunguze kiumbe mmoja tangu masika hadi vuli. Atakayefanya vizuri angezungumza mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, na Kokuhirwa aliitaka mno nafasi hiyo.

Kijijini kila mtu alijua kwamba kipepeo mwekundu ni mke, na wa bluu ni mume. Lakini masika Kokuhirwa aliona wekundu watupu. Kiangazi, nyasi zilipokauka, wakabaki wa bluu tu.

"Bibi, mbona wake wote wametoweka?" aliuliza jioni moja.

Bibi Stephania akacheka. "Labda wamechoshwa, wamerudi kwao. Hata mimi babu yako alinichosha, nikarudi kwetu."

Kokuhirwa naye alicheka, ila hakuridhika. Mvua zilipokaribia, alimwona kipepeo wa bluu akitaga mayai chini ya jani. Mume gani huyo? Alilikata tawi lenye jani hilo, akaliweka ndani ya kopo na kulifunika kwa kipande cha chandarua. Viwavi walipoanguliwa, aliwalisha majani mabichi kila siku, hata alipotoka kupanda maharage akiwa hoi.

Siku ya kutoa taarifa alisema, "Wekundu na wa bluu ni aina moja. Nadhani msimu ndio unaowapa rangi."

Darasa zima likaangua kicheko. "Mwalimu, anajitafutia sifa," alisema Elpidius, kiranja wao. "Hata mtoto mdogo anajua ni mume na mke."

"Nami nimekua nikiambiwa hivyo," alisema Mwalimu Anastazi. "Kokuhirwa, ukisema kama wenzako, hakuna atakayekubishia, na nafasi utaipata. Unasemaje?"

Machozi yalimlenga. Nafasi ilikuwa karibu kabisa. "Aliyetaga alikuwa wa bluu, mwalimu. Nilimwona, na viwavi wake ninao ndani ya kopo. Siwezi kusema ni mume."

"Basi tuletee hilo kopo, tungoje."

Kopo likakaa dirishani. Viwavi wakajifungia ndani ya maganda yao, na mvua zikanyesha. Asubuhi moja ganda likapasuka, akatoka kipepeo mwenye mbawa zilizolowa. Elpidius ndiye aliyekuwa karibu zaidi.

"Mwekundu," alisema kwa sauti ndogo. "Kokuhirwa, nisamehe."

Mwalimu Anastazi aliwageukia wanafunzi. "Sote tulisema tuliyoyasikia, mimi nikiwa wa kwanza. Mwenzenu alisema aliyoyaona, na alikuwa tayari kuikosa nafasi kuliko kusema uongo. Jifunzeni kwake."

Siku ya kufunga shule, Kokuhirwa alisimama wima mbele ya wazazi, akawaeleza kwamba wekundu na wa bluu ni aina moja. Mzee mmoja alipoanza kucheka, Bibi Stephania alimgeukia.

"Nyamaza usikie," alisema. "Huyo ni mjukuu wangu, na alichokisema amekiona."