Jani Lenye Jina la Kahiga

Kabati lilianza kutafuna siku ya Jumatatu, saa tisa alasiri, Daktari Kahiga akiwa mezani anaandika hotuba ya kujisifu. Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuna jani bichi, polepole, kama anayetaka kulijua. Daktari akaligonga kabati kwa fimbo. Sauti ikakoma. "Panya," akasema, akarudi kwenye sifa zake.

Zilikuwa nyingi, hizo sifa. Pale Mukurweini walimwita Daktari ingawa hakuwahi kutibu hata mbuzi. Udaktari wake ulikuwa wa mimea ya Mlima Kenya. Kabatini mlikuwa na karatasi elfu tatu, kila moja na mmea uliokaushwa, na chini yake lebo: jina la mmea, mahali, tarehe, na aliyeuchuma. Aliyechuma ni Kahiga, zote elfu tatu. Uongo mtupu! Kahiga aliogopa nyati, aliogopa siafu, aliogopa hata umande. Aliyechuma ni Ngendo, mama wa mitishamba aliyeujua msitu kama shamba lake la viazi. Daktari alimngoja garini akinywa chai.

Ijumaa hiyo chuo kimoja cha Nyeri kingeliita jumba lake jipya la mimea kwa jina la Kahiga. Jina juu ya mlango kabla hajafa, hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Jumanne alilifungua kabati. Harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi ikamjaa puani. Mimea iliyokauka miaka na miaka ilikuwa mibichi, inatoa utomvu, imeumwa pembeni kwa meno ya mtu. Na juu ya kila jina lake palikuwa na alama ya dole gumba, ya kijani. Ngendo hakujua kuandika. Popote alipotakiwa sahihi alitia dole.

"Baba Munene," mkewe Beth alinong'ona mlangoni, "hii si panya. Panya haina kidole."

"Nyamaza, watu watasikia."

"Mimi ndio nasikia! Inatafuna hata nikiwa jikoni. Wacha niite watu wa kanisa waombe."

"Ati niombewe? Mimi, mwanasayansi, wiki ya sherehe yangu?"

Majini tumezoea kuwaachia watu wa pwani. Huku kwetu mtu akiona kitu kama hicho husema ni presha, na Kahiga akameza dawa ya presha.

Jumatano Beth alikwenda sokoni Kagio, akarudi na Mukami, binti wa Ngendo, anayeuza mitishamba huko. Mukami alikataa kiti, akakataa chai. Alinusa kabati, kisha akachomoa karatasi moja tu, iliyonuka sumu.

"Hii ndio ilimuua mama?"

Ndiyo hiyo, na Daktari alijua. Mwaka wa themanini na saba alikuta jani asilolijua, akataka kuandika kitabuni kwamba ni dawa ya nini. Ngendo pia hakulijua, akakataa. Kahiga, ambaye hangethubutu kuonja hata pilipili, alimsihi na kumkaripia mpaka akalionja. Mama wa watu akaanguka kwenye mianzi. Kahiga akalifunga jani vizuri kwenye gazeti, akashuka nalo mlimani, akamwacha Ngendo hapo. Nyumbani kwao alisema amepotea.

"Mama alikuwa anataja jina ya mgonjwa kabla akate dawa," Mukami akasema. "Ulikuwa unamcheka. Alisema dawa inaenda kwa mwenye ametajwa. Andika hapa Ngendo, na Ijumaa useme mbele ya watu vile alikufa. Itanyamaza."

"Haiwezi kungoja Jumatatu?"

Naam, aliuliza hivyo. Mukami akaweka kidole kwenye lebo.

"Na hii mmea inaitwaje?"

"Imepewa jina langu," Daktari akajibu, na hata wakati huo alijivuna kidogo. "Inaitwa Kahiga, kwa Kilatini."

"Basi imetajiwa mtu." Mukami akachukua kikapu chake, akaenda zake.

Ijumaa hema lilijaa wageni. Kahiga akashika maikrofoni, akafungua kinywa atoe salamu, lakini kilichotoka kwenye spika ni kutafuna, polepole, jani bichi, na watu wakacheka wakidhani mzee ana peremende, kisha wakaacha kucheka kwa maana utomvu wa kijani ulikuwa unamtiririka kidevuni mpaka kwenye tai na harufu ya msitu ulionyeshewa ikajaa hema zima, na jua lilikuwa linawaka. Beth akamkimbilia.

"Sema jina yake," alinong'ona akilia. "Baba Munene, tafadhali, sema Ngendo."

Nafasi alikuwa nayo. Taya zilitulia, kinywa kikawa wazi, kikamngoja.

"Mimi," akasema, "Kahiga..."

Taya zikafunga. Alichotafuna safari hii ni ulimi wake mwenyewe, na alikufa kabla hajafikishwa hospitalini. Kipande kilichokatika kilitafutwa chini ya viti, hakikuonekana.

Jumba lilipewa jina lake, tena kwa herufi kubwa. Kabati likahamishiwa humo, na saa tisa alasiri wafanyakazi hutoka nje wote, hata mvua ikinyesha. Walipohesabu karatasi walikuta imezidi moja. Katikati yake pamebandikwa kitu cha kahawia, kimekaushwa vizuri, na si jani. Jina: Kahiga. Mahali: Nyeri. Na penye aliyechuma pana dole gumba la kijani, bado bichi.